Dawa kunikataa ukubwani: ni mimi tu au wengi?

Koo_Kavu: Wakuu, nina miaka 23 na tangu utotoni nimekunywa amoksilini (antibayotiki ya jamii ya penisilini) mara nyingi bila shida. Mwezi uliopita nilishikwa na homa, koo likauma, matezi ya shingo yakavimba mpaka kugeuza kichwa ikawa kazi. Nikapewa amoksilini. Siku ya sita naamka, mabaka mekundu kifua kizima, mgongoni, hadi viganjani. Yaliwasha kidogo tu. Nikaacha dawa, yakaisha taratibu. Sasa kadi yangu imeandikwa kwa wino mwekundu: MZIO WA PENISILINI. Vijana wenzangu, haya yanawapata wengi? Na ndiyo basi maisha yote?

Mama_Dawa: Pole mwanangu. Nimekaa dirisha la dawa miaka mingi, na kadi kama yako nimeziona nyingi mno. Karibu mtu 1 kati ya 10 husema penisilini inamkataa. Wakipimwa vizuri, 9 kati ya 10 ya hao hukutwa hawana mzio. Wengine waliharisha tu, wengine upele ulikuwa wa ugonjwa wenyewe.

Kwako mimi ningeuliza kwanza kirusi cha Epstein-Barr. Hupenda sana vijana, huleta koo na matezi hayohayo, na mgonjwa wake akipewa amoksilini mara nyingi hutoka mabaka. Tena kirusi hakiuawi na antibayotiki, kwa hiyo dawa yenyewe huenda hukuihitaji.

Ila kuitumia zamani bila shida si kinga. Mwili huijua dawa kwanza, kuichukia huja baadaye.

Doa_Mdomoni: Mimi ni salfa. Kila nikimeza kotrimoksazoli, dawa yenye salfa, doa lilelile hurudi palepale kwenye mdomo wa chini: linawaka, linavimba, kisha linabaki jeusi wiki kadhaa. Rafiki zangu walisema nimejiunguza na chai, nami nikakubali. Nilikuja kushtuka mara ya tatu.

Koo_Kavu: Kwa hiyo Mama, nijaribu kidonge kimoja nione?

Mama_Dawa: Hapana! Kipimo hufanywa mahali penye adrenalini karibu, ile sindano ya kuokoa mtu mzio ukimzidi. Mzio mkali huja ndani ya dakika chache au saa: midomo na ulimi kuvimba, pumzi kubana, kizunguzungu. Na upele wenye malengelenge, ngozi kubanduka, vidonda mdomoni au macho mekundu, huo ni wa kukimbizwa hospitali, hata kama ni wiki ya pili au ya tatu ya dawa. Hata mwenye mzio wa kweli wa penisilini, akikaa nayo mbali miaka 10, kama 8 kati ya 10 humwisha. Kadi yako inasema ilitokea siku ya ngapi?

Koo_Kavu: Nimeitazama sasa hivi. Hakuna siku, hakuna matezi, hata jina la amoksilini hakuna. Ni maneno yale matatu tu. Picha za mabaka ninazo kwenye simu, kesho naenda nazo.