Tupeane uzoefu: mlipokaa na marafiki mkazungumzia hizi nguo za kuvaa mara moja

Mama Nasra wa Tabata

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za jioni.

Jumapili tulikuwa na kikao cha kikoba kwa shoga yangu, wanawake tisa. Hesabu zilipokwisha ikaja habari ya sare. Mdogo wake anafanyiwa sendofu: kitambaa 28,000, fundi 35,000, kilemba mbali. Kila mtu ameshika simu anataka kutuma hela. Mwenzetu mmoja ambaye ni fundi cherehani akauliza, "Ile ya Agosti nani ameirudia?" Hakuna. "Ya Mei?" Hakuna. Tukaanza kuhesabu kwa vidole. Mimi nina sare kumi na moja tangu 2021, na niliyoirudia ni moja tu, kitenge cha pamba nilichoshonesha kwa arobaini ya baba mkwe, kwa sababu hakinipi joto.

Yule fundi akainuka, akavuta uzi kwenye pindo la gauni nililovaa, akawasha kibiriti. Ule uzi haukutoa majivu. Ulijikunja, ukayeyuka, ukabaki kidonge cheusi kigumu kama punje ya ulezi. Akavuta mwingine kwenye khanga ya zamani ya mwenye nyumba. Huo uliwaka mara moja, ukanuka kama karatasi iliyoungua, yakabaki majivu laini ya kupukutika. "Hii ni pamba," akasema. "Hiyo yako ni poliesta. Inatokana na mafuta yanayochimbwa ardhini, ni ndugu moja na chupa ya maji." Kuanzia hapo sare ikasahaulika, tukaongea nguo mpaka magharibi.

Nataka kusikia ya kwenu. Mlipoligusa hili na marafiki, ilikuwaje? Walisikiliza, walinuna, kuna kilichobadilika?

Mchambuzi wa Karume

Nauza blauzi za mtumba Karume, mwaka wa kumi na sita huu. Marafiki zangu ni wauzaji wenzangu, kwa hiyo sisi hili tunaliongea kila asubuhi. Ukikata mikanda ya belo, ndani ya dakika tano unajua kama umepata au umeumia. Zamani belo la kilo 45 lilikuwa linanipa gredi A ya kutosha: kola imekaa, kifungo cha akiba kimeshonwa kwa ndani, mshono umerudiwa mara mbili. Siku hizi naokota blauzi ina lebo ya bei bado, haijavaliwa hata mara moja, lakini nikiivuta begani mshono unaachia. Huko ilikotoka kuna mtu alinunua akaichoka kabla hajaivaa. Zinazobaki nazipigia mnada mia tano mia tano, na nyingine hata kwa mia tano zinakataliwa. Hizo zinabebwa na gari la taka, na hasara ni yangu, aliyeitengeneza ameshalipwa zamani.

Lakini msiniambie dawa ni kufuta mitumba. 2016 nchi za Afrika Mashariki zilipokubaliana kuiondoa ifikapo 2019, hapa sokoni watu hawakulala usingizi. Marekani ikatishia kuondoa nafuu ya AGOA, ule mpango wake wa kuziruhusu nchi za Afrika kuuza bidhaa kwake bila ushuru, wengine wakarudi nyuma, Rwanda ikashikilia ushuru wake na 2018 ikasimamishiwa nafuu hiyo upande wa nguo. Kwenye mabishano yote yale sikusikia mtu anauliza kwa nini zinatengenezwa nyingi kiasi hiki. Mimi ningeanzia hapo.

Kijana wa Mbagala

Kwa heshima zote dada zangu, naomba niseme la upande wetu.

Nilipoitwa usaili wa kwanza nilikuwa na shati moja tu, na lilikuwa la shule. Nikanunua jipya Kariakoo, 8,000. Mfuo wa tatu likachuja, kola ikajikunja, lakini kazi nilipata. Baadaye rafiki yangu mwenye kipato kizuri akaanza kunieleza kwamba nguo za bei chee zinaharibu dunia. Nilisikia kama ananiambia umaskini wangu ndio uchafu wenyewe. Wiki mbili hatukusalimiana. Aliporudi alikuja na swali badala ya somo: "Mwaka huu umenunua mashati mangapi?" Tukahesabu pamoja, matano. 40,000 imeondoka na hakuna hata moja la kuvaa Jumatatu. Tukaenda Manzese tukachagua mtumba, mawili ya pamba, 7,000 kila moja. Nayavaa mwaka wa tatu sasa.

Yale maneno ya mwanzo yalikuwa ya kweli, lakini nilikuwa siyasikii.

Wa Kigamboni

Mimi nilikataa sare moja tu, nikawaeleza kwa upole kwamba nitavaa niliyonayo ya rangi ileile. Nikaambiwa nina wivu na bibi harusi. Bado inaniuma, na yule dada mpaka leo hapokei simu yangu.

Binti Ubungo

Pole sana dada wa Kigamboni.

Mama yangu alifanya kazi kiwanda cha Urafiki hapa Ubungo, kile kilichojengwa kwa msaada wa Wachina miaka ya 1960. Doti ya khanga aliyonunua niliponyonya ipo mpaka leo. Kipande kimoja alinibebea mgongoni, akambebea mdogo wangu, kikawa pazia la jikoni, sasa ni kishikio cha sufuria. Rangi imepauka lakini maandishi ya jina yanasomeka. Marafiki zangu wakija, hicho ndicho ninachowaonyesha, kisha nawaomba wanionyeshe nguo yoyote waliyonunua miaka miwili iliyopita.

Ila tusiifanye pamba kuwa malaika. Makadirio ya WWF, shirika la kimataifa la kuhifadhi mazingira, yanasema fulana moja ya pamba inakula kama lita 2,700 za maji mpaka ikamilike. Nilipiga hesabu kwa madumu yetu ya lita 20: ni madumu 135. Anayenunua maji ya mkokoteni anajua hiyo ni miezi mingapi. Nasi pamba tunailima, Simiyu, Shinyanga, Geita, halafu sehemu kubwa inasafirishwa kwa marobota bila kufumwa na inarudi kwetu ikiwa fulana.

Mhasibu Posta

Mimi niliharibu, niseme ukweli ili mwingine asirudie.

Ofisini tunakula mchana watu sita. Mmoja huagiza nguo mtandaoni kila mwezi. Siku amefungua kifurushi kwa furaha, mimi nikaanza na Rana Plaza: 24 Aprili 2013, jengo la viwanda vya nguo kule Savar, karibu na Dhaka, Bangladesh, liliporomoka likaua watu zaidi ya 1,100. Nyufa zilionekana siku moja kabla, benki ya chini ikaondoa wafanyakazi wake, mafundi wa juu wakaambiwa warudi kwenye cherehani. Akaniangalia. "Kwa hiyo mimi ndiye niliyewaua?" Akabeba sahani yake akaenda kumalizia chakula mezani kwake.

Nilikuwa sahihi kwa kila tarehe, na nilimkosea. Nilimwomba radhi. Siku ya tatu akaja na lile gauni mkononi, amelipindua nje ndani, ananionyesha mshono. "Gauni zima pamoja na kusafirishwa ni 19,000. Aliyekaa akashona hapa kapata ngapi?" Tulikaa na swali hilo saa nzima ya chakula. Mwezi huu hakuagiza. Sijamuuliza.

Jirani wa Msimbazi

Mvua za masika zilipoisha tulisafisha mikoko karibu na Daraja la Selander, vijana wa mtaani kwetu. Tulijiandaa kwa chupa. Mifuko ya plastiki tuliona michache, nadhani katazo la Juni 2019 limesaidia. Nguo ndizo zilizotushinda. Zinashuka na mto, zinajisokota kwenye mizizi na tope, watu watatu mnavuta haitoki. Tulikata kwa panga. Zile za pamba zilichanika mkononi kama mkate uliolowa. Za poliesta zilikuwa na rangi yake vilevile, waridi ya kuwaka, utadhani zimetoka dukani jana. Rafiki yangu alivuta kipande kirefu cha lesi ya dhahabu, ile ya sherehe, bado kina vishanga. Alikisuuza kwenye maji, akakikunja, akakiweka pembeni badala ya kukitupa kwenye kiroba. Alisema dada yake ana ya namna hiyo.

Mama Nasra wa Tabata

Nimesoma zote, nyingine mara mbili. Wa Kigamboni, mpigie tena, hata kama hatapokea.

Kwetu hatukukubaliana wote. Wawili walishanunua kitambaa na watakivaa, hatuwalaumu. Saba tutavaa kijani chochote kilichopo kabatini, na hela ya sare tunaikusanya tumpe bibi harusi, yeye mwenyewe kasema anataka friji. Mama yake hajafurahi sana, anaona picha hazitapendeza.

Mimi cha kijani nilichonacho ni kile kitenge cha arobaini. Kinanibana siku hizi, nikakipeleka kwa fundi nikijua jibu ni hakiwezekani. Akakipindua, akapitisha kidole ubavuni, akacheka. Aliyekishona aliacha kitambaa cha ziada ndani ya mshono, inchi moja na nusu kila upande. Nakifuata Alhamisi.