Kanisa limejaa hadi nje: nianzishe ibada ya pili au tuhame?

MtumishiWaPembezoni (Jumapili, saa 4:32 asubuhi)
Bwana Yesu asifiwe wapendwa, na ndugu zangu Waislamu humu, assalaam aleikum. Naombeni ushauri, usingizi umenikimbia.

Mimi ni mchungaji wa kanisa la kipentekoste pembezoni mwa Dar, njia ya Chanika. Tulianza familia chache kwenye baraza ya nyumba ya kupanga. Leo tunafika watu mia nne ukihesabu na watoto. Banda letu la mabati linachukua mia na hamsini, tena kwa kubanana. Wengine wanakaa nje chini ya turubai, mvua ikinyesha wanaingia kusimama ukutani, na mimi nahubiri kwa kushindana na bati. Watoto wanafundishwa chini ya mwembe, mwalimu mmoja.

Kazi zimenizidi. Jumatatu naiita siku ya mapumziko lakini alfajiri simu inaita kuna msiba, saa nne niko kituoni kumdhamini kijana wa kwaya aliyepigana stendi, mchana mume na mke wamekaa sebuleni kwangu hawatazamani, jioni hospitali. Juzi baada ya ibada nilimshika mkono mama mmoja mlangoni nikamwambia, karibu sana mgeni wetu. Akanijibu taratibu, "Baba mchungaji, mimi ulinibatiza wewe mwenyewe." Tangu hapo sina amani.

Swali langu: nianzishe ibada ya pili asubuhi, au tutafute eneo kubwa tuhame? Wazee wa kanisa wamenigeuka, hatuelewani. Natanguliza shukrani.

Mama_Kwaya (saa 4:50)
Amina baba mchungaji. Ibada ya pili haina hasara. Sisi Walutheri wa KKKT usharikani kwetu ibada ya kwanza ni saa moja asubuhi miaka yote, wenye biashara na wenye zamu wanaipenda kwa sababu saa tatu wameshamaliza. Ila uangalie kwaya! Kwetu kwaya kuu walikataa kuamka mapema, vijana wakapewa ibada ya kwanza, wakanoga. Sasa ikaja sikukuu ya mavuno, kumbe kwaya zote mbili zimeshona kitenge kile kile, kila mmoja anadai kakitangulia dukani. Kesi ilifika baraza la wazee, mwenyekiti wa kwaya kuu akasusa mpaka Krismasi na besi zikaondoka naye. Mpaka leo sauti ya nne kwetu inapwaya. Kwa hiyo anza ibada ya pili, lakini sare ziamuliwe kikaoni.

NjaaKali (saa 5:03)
Watu mia nne! Mtumishi, nafasi ya mtunza hazina imeshajazwa?

Mzee_wa_Kibarazani (saa 5:21)
Mwanangu, soma Kutoka 18. Musa alikuwa anakaa kuamua watu tangu asubuhi hadi jioni. Mkwewe Yethro akamwambia jambo hili si jema, utajichosha wewe na watu hawa pia. Akamshauri aweke wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa kumi. Wewe umebaki mkuu wa kumi kwa watu mia nne. Kijana wa kwaya akikamatwa, aende mzee wa kanda yake. Mgonjwa akilazwa, watangulie watu wa seli yake, wewe utafuata. Gawa watu kwa mitaa yao wanayoishi, kila kundi liwe na kiongozi na daftari. Yule mama unayesema hukumjua, kiongozi wa kundi lake angemjua mpaka dawa anazotumia. Nimekuwa mzee wa kanisa tangu enzi za kutembea na taa ya chemli kwenda mikesha, nakuambia nililoliona.

BwanaMashaka (saa 5:40)
Mtumishi, kuna kitu umekiruka. Wazee wa kanisa hawamgeuki mchungaji kwa sababu ya ibada ya pili. Wamegeuka kwa lipi?

MtumishiWaPembezoni (saa 6:02 mchana)
Mzee wangu wa Kibarazani, shikamoo, nimekupokea. Mama Kwaya, ahsante. BwanaMashaka, mambo ya ndani ya kanisa siyo ya kuanika. Nimeuliza ibada au kuhama, naomba tubaki hapo.

Mama_Kwaya (saa 6:10)
Baba, ukija kwa mganga usifiche kidonda. Wamegeuka kwa lipi?

MtumishiWaPembezoni (saa 7:15)
Haya. Eneo limeshapatikana. Ekari moja, mbele kidogo ya tulipo, shilingi milioni 38. Nimeshalipa milioni 20. Wazee walizisikia habari hizi mtaani kabla sijawaita.

Ila naomba mnielewe. Mwenye eneo alikuwa na mteja mwingine mwenye fedha mkononi. Wazee wangu ni watu wema, lakini kununua spika mbili tu kulichukua vikao tangu kiangazi mpaka masika. Ningewasubiri, leo pale pangekuwa na gereji. Fedha ilitoka mfuko wa ujenzi na nyingine ni akiba yangu na mke wangu. Kila shilingi ina risiti. Nia yangu ni watoto watoke chini ya mwembe.

KalamuYaSheria (saa 7:31)
Mchungaji, nia yako siyo niliyoitilia shaka. Mkataba una jina la nani?

MtumishiWaPembezoni (saa 7:58)
Jina langu. Kwa muda tu.

Kanisa halina cheti chake cha usajili, tuko chini ya cheti cha huduma nyingine iliyotulea, makao yake mkoa mwingine. Tukiandika jina lao, siku wakitaka kutuondoa wanatuondoa na ardhi inabaki yao. Sisi wenyewe hatuna wadhamini. Sasa ningeandika jina la nani? La mzee mmoja? Angekufa je?

KalamuYaSheria (saa 8:20)
Na wewe ukifa je?

Nisikilize kaka. Ukifa leo, ekari ile ni sehemu ya mirathi yako. Watoto wako wana haki nayo, ndugu zako watakuja kikao cha ukoo, na kanisa litaanza kutafuta mashahidi. Nimeshasimamia shauri la namna hii. Marehemu alikuwa mchungaji mwadilifu kabisa, hakuna aliyemtaja kwa ubaya. Mjane alisimama kizimbani upande mmoja, na wamama waliomlilia mumewe upande wa pili. Jengo lilikuwa limeshafika lenta.

Njia ipo. Kwanza mjisajili kama jumuiya ya kidini kwa Msajili wa Jumuiya, Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, chini ya Sheria ya Jumuiya, Sura ya 337. Mtaandaa katiba, muhtasari wa kikao, wasifu wa viongozi. Ongeeni na hao waliowalea mtoke kwa amani. Baada ya hapo mnateua wadhamini na kuwasajili RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, chini ya Sura ya 318. Bodi ya wadhamini ikishasajiliwa inamiliki mali kwa jina lake, mdhamini mmoja akifa au akihama ardhi haitikisiki. Wakati mnasubiri hayo, nenda kwa wakili uandike tamko lenye kiapo kwamba eneo umelishika kwa niaba ya kanisa, mkeo asaini naye, na nakala wapewe wazee.

BintiPangani (saa 8:44)
Mimi ni Muislamu nimepita tu, ila hili limenigusa. Msikiti wa mtaani kwetu Tanga ulijengwa kwenye kiwanja cha marehemu babu yangu. Babu alipotaka kukitoa aliwaita wanawe wote, akaita na masheikh, akatamka mbele yao kuwa ni wakfu, ikaandikwa. Alipofariki, ami mmoja alitaka kuleta neno, akaonyeshwa karatasi yenye saini yake mwenyewe. Pakaisha hapo. Mchungaji, ita watu, andikeni.

Mpenda_Haki (saa 9:05)
Haya ndiyo ninayoyasema kila siku. Watumishi wa siku hizi kanisa ni la baba, mama mchungaji ndiye mhasibu, lipa namba ina jina la shemeji. Tumesahau Moshi? Tarehe 1 Februari 2020 watu 20 walikufa kwa kukanyagana wakigombania mafuta ya upako uwanjani. Mkusanyiko ukikua kuliko utaratibu, watu wanaumia. Paulo kwenye 2 Wakorintho 8 hakukubali kubeba mchango peke yake, alitaka na wenzake wa kufuatana nao ili mtu asipate la kulaumu. Paulo! Wewe ni nani ubebe milioni 20 peke yako?

MtumishiWaPembezoni (saa 9:30)
Ndugu yangu, sijauza mafuta wala chumvi. Lipa namba ni ya kanisa, wanaopokea meseji ni wawili na mimi simo. Ningekuwa mwizi nisingenunua ardhi, ningenunua gari, maana natembea na bodaboda mpaka leo.

Mgeni_Kigali (saa 9:52)
Salaam kutoka Kigali. Hapa mwaka 2018 yalifungwa mamia ya makanisa mjini, mengi kwa sababu za kelele, majengo yasiyo salama, vyoo, kukosa vibali. Sheria ya mwaka huo ikataka pia kiongozi wa kanisa awe na shahada ya theolojia, wakapewa miaka mitano ya kusoma. Kanisa nililokuwa nasali lilikuwa la mabati kama lako. Tulitawanyika, wengine hawajarudi kokote mpaka leo. Usingoje serikali ikuulize cheti ndipo ukitafute.

BwanaMashaka (saa 10:17 jioni)
Jamani, mimi nasema hii ni chai, tena ya tangawizi. Angalieni juu kabisa. Uzi umeletwa Jumapili saa nne na nusu asubuhi. Mchungaji wa watu mia nne saa hiyo yuko madhabahuni, huyu amekaa anatuandikia habari za mwembe. Halafu anauliza wahame au wasihame, kumbe ameshalipia. Akaunti mpya, uzi mmoja. Kwa maoni yangu huyu ni mmoja wa hao wazee, amevaa joho la mchungaji wake ili amchimbe, kesho atachapisha majibu yetu ayabebe kikaoni. Au ni dalali wa viwanja vya Chanika anapima upepo.

NjaaKali (saa 10:20)
Dalali! Haki ya nani nilihisi. Ekari moja kwa 38 siku hizi?

Mpenda_Haki (saa 10:26)
Kumbe nimepoteza mistari ya Biblia kwa dalali.

Mama_Kwaya (saa 10:41)
Mbona mnamshambulia? Baba mchungaji, jibu hilo la saa tu. Saa nne na nusu ulikuwa wapi?

MtumishiWaPembezoni (saa 12:08 jioni)
Nilikuwa nyumbani.

Ijumaa usiku wazee walikaa, wakaniita mwishoni. Wakaniomba nisipande madhabahuni mpaka nilete mkataba na hesabu. Walinena kwa heshima, mzee mkubwa alikuwa analia. Leo amehubiri shemasi. Nyumba yangu na kanisa vimetenganishwa na ua wa michongoma. Nilikuwa nimekaa jikoni na simu mkononi, nasikia watu wangu wanaimba, nasikia tangazo la michango, nasikia mtu anauliza mchungaji yuko wapi na anajibiwa amepata udhuru. Mke wangu alikwenda na watoto kama kawaida ili watu wasishtuke. Ndipo nikafungua akaunti hii.

Nilianza na swali la ibada ya pili kwa sababu ndilo nililoweza kuliandika. BwanaMashaka, kama bado unaona ni chai, sina la kukuonyesha bila kuwaanika watu wasio na kosa.

Mzee_wa_Kibarazani (saa 12:25)
Mwanangu, wazee waliokuomba ukae pembeni na bado wakakufichia aibu mbele ya washirika, hao hawajakugeuka.

BwanaMashaka (saa 12:33)
Mtumishi, la saa umelijibu. La dalali nalifuta. Lakini bado nauliza, mkataba utaupeleka lini?

MtumishiWaPembezoni (saa 12:50)
Kikao ni Alhamisi. Nitapeleka mkataba, risiti, na kiasi kilichotoka mfuko wa ujenzi kando na kile cha kwangu. Lakini sitakubali wavunje ununuzi. Milioni 18 iliyobaki inatakiwa mwisho wa mwezi, tukichelewa mkataba unasema malipo ya awali hayarudi. Hapo ndipo ninapokosa usingizi. Wakinicheleweshea kwa vikao, tunapoteza vyote.

KalamuYaSheria (saa 1:04 usiku)
Hilo la malipo kutorudi usilichukulie kama Amri Kumi, yapo ya kuongea na muuzaji. Mpelekee barua kabla ya tarehe kuomba muda, na asaini kupokea. Na tamko lile liandikwe kabla ya Alhamisi, uingie nalo kikaoni. Ukiingia na mkataba wenye jina lako peke yake, watasoma jina, hawatasoma kingine.

FundiRamani (saa 1:19)
Samahani nimechelewa, nilikuwa saiti. Mimi ni mpima ardhi. Mnabishana jina la mkataba, hamjauliza kama pale kanisa linaruhusiwa. Mchungaji, eneo limepimwa? Kama kwenye ramani ya mipango miji pameandikwa makazi, huwezi kusimamisha jengo la ibada la watu mia nne mpaka mbadilishe matumizi kupitia halmashauri, na kibali cha ujenzi hakitatoka kabla ya hapo. Nimeshuhudia alama ya X nyekundu ya kubomolewa ikipakwa kwenye ukuta wa kanisa lililokwisha kuezekwa. Mwingine alinunua sehemu iliyotengwa kwa barabara.

MtumishiWaPembezoni (saa 1:30)
Muuzaji alisema limepimwa, hati iko njiani. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa alipiga muhuri.

FundiRamani (saa 1:34)
Muhuri wa mtaa hauonyeshi matumizi ya kiwanja. Una namba ya kitalu na ya kiwanja? Nitumie faragha, usiziweke hapa. Kesho nina kazi ofisi ya ardhi hiyo hiyo, nitaiangalia kwenye ramani.

MtumishiWaPembezoni (saa 1:41)
Nimekutumia. Mungu akubariki.

FundiRamani (saa 1:43)
Nimeziona. Usimlipe muuzaji hata shilingi mia mpaka nikupigie.