Nimeitwa kutoa ushahidi kesi ya kimoro (nyama ya porini iliyokaushwa). Hivi miaka 20 jela nyie mnaionaje?

Mwenyekiti wa Kitongoji:
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mwenyekiti wa kitongoji wilaya ya Serengeti, kijiji kinachopakana na hifadhi. Usiku mmoja askari wa wanyamapori walinigongea nikashuhudie upekuzi nyumbani kwa kijana mmoja. Chini ya kitanda kulikuwa na ndoo ya lita ishirini: juu unga wa mtama, chini kimoro cha nyumbu, bado kina chumvi chumvi. Na nyaya mbili za kutegea wanyama zimekunjwa ndani ya kiroba. Nikasaini hati. Sasa nimeletewa wito, mahakama ya Mugumu.

Kijana nyama alikuwa nayo, hilo hapa habishi mtu. Hata wanaokuja kwangu kunisihi hawasemi hana kosa. Wanasema, "Mwenyekiti, miaka ishirini?" Umri wake ni 23. Mwizi wa ng'ombe huku tunampeleka wenyewe, tena mbio. Aliyeingia hifadhini bila kibali watu watamtaja pia, maana anajulikana atarudi. Ila yakitamkwa maneno "nyara za serikali", yaani kosa la kukutwa na nyama kama hii, kitongoji kizima kinakuwa hakijaona wala kusikia. Hakuna anayetaka kuitwa yule aliyemzika jirani mzima mzima.

Halafu kuna hili linalowauma zaidi. Kwenye hati ya tathmini nyumbu mmoja kapigiwa dola 650, zaidi ya milioni moja na laki nne za kwetu. Kanuni za kifuta machozi za 2011 ziliweka milioni moja kwa binadamu aliyeuawa na mnyama. Mama mmoja, mumewe alikanyagwa na tembo shambani, aliniuliza mbele ya mkutano wa kitongoji nimfafanulie. Nikahamia ajenda ya choo cha shule.

Nyie wenzangu mnaionaje adhabu hii?

Magwanda Mstaafu:
Pole mwenyekiti. Mimi nimelinda hifadhi mpaka nikastaafu, nitasema la upande wetu. Nyie mnaona kijana na ndoo, sisi tulikuwa tunaona waya. Waya hauchagui. Nyumbu wakiingia mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti, mtu anatega mstari mzima kwenye njia ya maji, anarudi kuchukua wawili, waliobaki wanaozea pale pale. Nimeona pundamilia anatembea na waya umezama shingoni, nyama imeota juu yake. Na tembo mkonga nusu.

Msisahau tulikotoka. Tembo walikuwa kama 109,000 mwaka 2009, sensa ya 2014 ikakuta 43,000. Ndipo sheria zikakazwa. Na kitoweo cha nyumbani hakijazi ndoo ya lita ishirini, hiyo inasubiri bodaboda aipeleke kwa mnunuzi.

Chizi Maarifa:
Mzee Magwanda, Yang Fenglan, yule mnayemwita malkia wa meno ya tembo, mahakama ya Kisutu walimpa miaka 15 mwaka 2019. Vipande 860 vya meno ya tembo! Kijana wa kimoro 20. Hesabu gani hiyo?

Wakili wa Kanda ya Ziwa:
@Chizi, hesabu ni ya tarehe. Makosa ya yule mama yalitendeka kabla ya marekebisho ya 2016, na kifungo cha juu kwenye sheria ya uhujumu uchumi wakati huo kilikuwa miaka 15. Baada ya 2016 ni 20 mpaka 30. Tatizo langu mimi ni hiyo 20 ya kuanzia. Hakimu anamwona kijana, anaona ndoo, hana pa kushukia. Watu wanamlaumu hakimu bure.

Mwenyekiti, wewe sema ulichokiona, basi. Ukigeuza maneno kizimbani unajitafutia kesi yako. Isitoshe, mashauri mengi ya nyama hayaangukii kwa shahidi wa upekuzi. Nyama inaoza, kwa hiyo inateketezwa mapema kwa amri ya hakimu, na Mahakama ya Rufani imesema mtuhumiwa lazima awepo mbele ya huyo hakimu na asikilizwe. Hapo ndipo upande wa mashtaka hukwama.

Mwana Taita:
Salamu kutoka Voi, Kenya. Sheria yetu ya 2013 ilipopitishwa iliwatenganisha: anayewinda kitoweo, faini kuanzia shilingi 30,000 za Kenya au miezi sita, wa kuuza, 200,000 au mwaka. Mnyama aliye hatarini kutoweka, milioni 20 au maisha. Msifikiri sasa watu wameridhika. Huku ndovu akimaliza mahindi ya mtu usiku, asubuhi hata hiyo miezi sita inaonekana matusi.

Magwanda Mstaafu:
Wakili, wakichomoka kwa makaratasi yule askari aliyelala porini unamwambia nini?

Wakili wa Kanda ya Ziwa:
Namwambia ampeleke mtuhumiwa kwa hakimu pamoja na nyama. Ni safari ya gari moja.

Mwenyekiti wa Kitongoji:
Nimewasoma wote, ahsanteni. Mzee Magwanda, kuhusu bodaboda sikupingi, anayenunua tunamjua, na ndoo haikukutwa kwake. Kwa mtazamo wangu miaka mitatu na kila mtu akataja jina ingefanya kazi kuliko ishirini na midomo imefungwa. Mahakamani nitakwenda, nitasema ndoo, unga, nyaya.

Wakili, swali moja. Mama wa kijana anadai mwanawe hakupelekwa kwa hakimu yeyote mpaka siku aliyosomewa mashtaka, na nyama ilishachomwa. Hilo nilitaje?

Wakili wa Kanda ya Ziwa:
Uliliona kwa macho yako?

Mwenyekiti wa Kitongoji:
Hapana. Nimeambiwa na mama yake.

Wakili wa Kanda ya Ziwa:
Basi si lako. Wewe ni shahidi wa Jamhuri. Mama amwambie wakili wa mwanawe, na kama hana, kijana mwenyewe aulize shahidi aliyechoma nyama akipanda kizimbani. Na huyo mama asikufuate tena nyumbani kabla ya kesi.