Ndege za usiku za masafa marefu: watoto wadogo watengewe sehemu yao?

Mpita Mawingu
Wakuu, nimetua jana asubuhi baada ya saa 11 hewani, usiku kucha. Safu ya nyuma yangu palikuwa na mtoto wa mwaka mmoja na ushei. Analia, anapumzika kidogo, analia tena, na katikati ya vilio anapiga mateke mgongo wa kiti changu, moja moja, kama mtu anayebisha hodi. Nilikuwa nakwenda kumuuguza baba yangu. Nimetoka uwanjani moja kwa moja mpaka wodini, daktari ananieleza habari za upasuaji, nami kila sentensi namwomba airudie.

Swali langu: kwa nini ndege zote za masafa marefu za usiku zisitenge sehemu isiyo na watoto? AirAsia X walianza mwaka 2013. Corendon nao 2023 wakatenga sehemu ya watu wa miaka 16 na kuendelea, safari ya Amsterdam kwenda Curaçao. Wengine wanashindwa nini?

Halafu niseme ukweli, wazazi wa siku hizi wamezidi. Mama wa yule mtoto macho yalikuwa kwenye simu safari nzima.

Mama Wawili
Nimesoma vizuri mpaka nikafika hapo kwenye simu. Wewe umekaa mbele yake, umempa mgongo. Macho yake umeyaonaje kwa saa 11?

Kaka, mimi ni huyo mama. Si wa jana, lakini ni huyo huyo. Simu niliyoshika ilikuwa na video ya dada yake akimwimbia, ndiyo pekee iliyomtuliza, nikaishikilia mbele ya uso wake mpaka kiganja kikafa ganzi. Mtu wa pembeni akasema kwa sauti, "Anachezea simu tu." Mwaka wa tatu huu, ile sauti bado iko masikioni mwangu.

Mpita Mawingu
Dada, niligeuka mara kadhaa, ndiyo maana nasema. Pole kwa yaliyokukuta, lakini swali langu halikuwa simu.

Mama Wawili
Uliyeitaja simu ni wewe.

Mzee wa Siku Nyingi
Wanangu, mtoto hufunzwa nyumbani, si hewani. Akizoea kuambiwa "hapana" akiwa chini, hata huko juu atasikia. Wangu sita nimesafiri nao na walikaa.

Kiguu na Njia
Shikamoo mzee. Ulisafiri nao kwa ndege, au kwa basi ambalo likisimama mtoto anashuka anakimbia kidogo? Hewani hakuna kituo.

Mimi nimeshamaliza hiyo kazi. Nusu saa kabla ya kupanda nampa dawa ya mafua, ile ya maji yenye kusinzisha. Analala hadi magurudumu yanagusa lami. Safari nne sasa, na hakuna abiria aliyewahi kunilalamikia. Mnahangaika bure.

Mzee wa Siku Nyingi
Marahaba. Ilikuwa basi na meli. Lakini mtoto ni mtoto.

Mfamasia wa Zamu
Kiguu na Njia, wako ana umri gani?

Kiguu na Njia
Miezi 20. Unataka kuniandikia cheti?

Mfamasia wa Zamu
Nataka uache. Hiyo si dawa ya usingizi, usingizi ni athari yake ya pembeni, na wewe unamnywesha mtoto mzima ili upate hiyo athari. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa tahadhari mwaka 2008 kwamba dawa za mafua na kikohozi zinazouzwa bila cheti asipewe mtoto wa chini ya miaka miwili, kwa kuwa madhara yake yanaweza kuhatarisha maisha. Wapo watoto ambao badala ya kulala huchachamaa: wanatetemeka, hawashikiki, hawalali kabisa. Na akilegea kupita kiasi upumuaji nao unapungua, mko juu ya bahari, hospitali utaipata wapi?

Kiguu na Njia
Kila kitu kwenu sumu. Bibi yangu alitunywesha kila kitu na tuko hapa tunabishana.

Pweza
Hiyo ya 2008 si walisema chini ya miaka sita? Au minne? Mimi nakumbuka minne.

Mfamasia wa Zamu
Tahadhari ya mamlaka ni miwili. Minne ni watengenezaji wenyewe baadaye mwaka huo huo, waliandika kwenye vibandiko asipewe wa chini ya miaka minne. Kwa hiyo hata ukikataa ya serikali, mwenye dawa yake anakukataza.

Na wewe uliyesema bibi aliwanywesha kila kitu na mko hapa: ambao hawako hawawezi kuja kubishana.

Kiguu na Njia
Sasa umeniita muuaji wa mwanangu. Mtu hujawahi kuniona. Mimi ndiye nimeamka naye kila usiku tangu azaliwe, mama yake akiwa zamu. Ukinifundisha dawa nitasikiliza, usinifundishe kumpenda mtoto wangu.

Mfamasia wa Zamu
Neno lile lilikuwa kali, naliondoa. Dawa siondoi hata herufi.

Pweza
Mimi naunga mkono sehemu ya watoto, mleta mada. Naona tumekusahau.

Niliyewahi Kuhudumu
Nimefanya kazi ya uhudumu wa ndege miaka tisa, naomba niseme jambo moja kuhusu huko kulala mpaka magurudumu yaguse.

Ndege ikiwa juu, mita 10,000 na zaidi, hewa ya ndani huwekwa iwe kama ya mlimani, mita 1,800 hadi 2,400 hivi kulingana na ndege. Ikianza kushuka, kama nusu saa kabla ya kutua, hewa ya ndani inaongezeka nguvu na kuisukuma ngoma ya sikio kuelekea ndani. Mtu mzima anameza mate, mrija wa kati ya sikio na koo unafunguka, anapata nafuu. Wa mtoto ni mwembamba na umelala zaidi, tena akiwa usingizini hamezi mara nyingi. Kwa hiyo anayelazwa kwa dawa anaweza kuzinduka na maumivu yaliyokwisha kukolea.

Nilikuwa nawaamsha wazazi kabla. Nyonyesha, mpe chupa, mpe chochote ameze. Wengi walinikasirikia, "Amelala huyu, mwache!" Siwezi kusahau mmoja wa miezi kama 15 hivi. Alikuwa amelivuta sikio lake la kushoto mpaka likawa jekundu, analivuta na kulivuta, na mama yake anamshika mkono akidhani anajichezea.

Mama Wawili
Wangu alikuwa anapiga kichwa kwenye kifua changu. Hakuna aliyewahi kuniambia habari ya masikio. Hakuna.

Kiguu na Njia
Hii ya masikio sikuijua. Wangu huwa anaamka analia tukishatua, nikawa nadhani ni njaa.

Mpita Mawingu
Sawa, lakini wa jana hakulia nusu saa. Alilia usiku mzima, ndege imetulia juu.

Niliyewahi Kuhudumu
Huenda mgonjwa, huenda kachoka kupita kiasi, huenda alikuwa anataka kutembea tu. Umri ule ndio kwanza amejua ana miguu, nasi tunamfunga mapajani mwa mtu. Na hapo kwenye kupakatwa ndipo pananiuma zaidi ya kelele. Mashirika mengi yanaruhusu wa chini ya miaka miwili kukaa bila kiti chake. Mtikisiko mkubwa ukija hakuna mikono ya mzazi inayoweza kumzuia.

Pweza
Si ndiyo ile ajali ya Marekani, 1987 sijui, watoto waliwekwa sakafuni?

Niliyewahi Kuhudumu
Julai 1989, Sioux City, ndege ya United namba 232. Abiria na wafanyakazi 296, wakafa 112. Waliopakatwa walikuwa wanne, na maelekezo ya wakati huo yalikuwa mzazi amlaze mtoto sakafuni na kumshikilia. Mmoja wa hao wanne alikufa. Mhudumu mkuu wa ndege hiyo, Jan Brown, aliwaambia wazazi wafanye hivyo kwa sababu ndivyo alivyofunzwa, kisha akatumia miaka mingi ya maisha yake kudai kila mtoto apewe kiti chake.

Msimamizi wa Hesabu
Wasimamizi wa anga wa Marekani walilijibu hilo. Ukimlazimisha mzazi kununua tiketi ya tatu, familia nyingi zitaacha ndege na kwenda kwa gari, na barabarani ndiko watoto wanakokufa zaidi. Ukiokoa mmoja angani unaweza kuwapoteza kadhaa barabarani. Sijaona hoja hiyo ikijibiwa hapa. Mwenye uwezo anunue kiti, asiye na uwezo asihukumiwe.

Mama Wawili
"Mwenye uwezo." Kwa hiyo niliyempakata ni kwa sababu sina uwezo?

Msimamizi wa Hesabu
Dada, nimekutetea.

Mama Wawili
Sikuomba utetezi wa namna hiyo. Nilimpakata kwa sababu mfanyakazi wa kaunta aliniambia kiti cha mtoto, kile cha kufunga kwenye gari, hakiingii ndani, wakati nilikuwa nimekilipia nafasi yake. Nikapanda na mtoto mapajani, na pembeni yangu kiti nilicholipia kiko kitupu.

Niliyewahi Kuhudumu
Hapo ulionewa. Safari nyingine uliza mapema, upate jibu kwa maandishi na uje nalo mkononi. Na kiti cha mtoto kifungwe dirishani, kisizibe njia ya wengine kutokea.

Mpita Mawingu
Naona sehemu ya watoto imeshakufa kifo chake. Nakiri kitu kimoja: sikumuuliza yule mama kama anahitaji msaada. Lakini bado nasema mtu anayekwenda kuuguza anastahili usingizi, na hilo siwezi kulifuta.

Mama Wawili
Hilo hata mimi silifuti. Mzee anaendeleaje?

Mpita Mawingu
Amefungua macho leo mchana. Asante kwa kuuliza.

Bado Mgeni
Samahani kuingilia. Nasafiri Alhamisi na wa miezi 19, saa 9 hewani, peke yangu. Naweza kubadilisha tiketi mpaka kesho. Nichague usiku au mchana?

Kiguu na Njia
Usiku, saa zake za kulala, bila dawa. Mkianza kushuka mwamshe umpe chupa.

Mama Wawili
Mchana. Usiku kila mtu anakuchukia.

Mzee wa Siku Nyingi
Usiku, mwanangu. Na uliye karibu naye siku hiyo, mpokee mtoto dakika kumi mama aende chooni.