Dizeli za kifahari Dodoma: treni imezimaliza, au bado?

Mleta mada:
Wakuu, habari za jioni. Nina hoja, tuijadili bila matusi.

Wengi tuliohamia huku na wizara zetu baada ya 2016 tulivutiwa na magari ya dizeli, BMW 520d, Mercedes E220 CDI na Audi A6 TDI zilizotumika. Hesabu ilikuwa nyepesi. Ijumaa unashuka Dar, Jumapili usiku umerudi, kilomita kama 900 kwenda na kurudi. 520d nzima, ukiiendesha kwa adabu, inakupa 16 kwa lita, na tangi lake ni lita 70. Unakwenda na kurudi bila kuingia sheli. Toyota Crown ya petroli haikupi hiyo hata ukiibembeleza.

Sasa tangu Julai 2024 treni ya SGR inakufikisha Dar kwa masaa manne hivi. Hakuna tochi za trafiki, hakuna kupigana na malori ya Dumila. Watu wanapanda treni, gari limebaki la kutoka Ilazo kwenda Mtumba kwenye ofisi za wizara, shule, na Majengo sokoni. Bei nayo haisaidii, kuna miezi EWURA, wale wapanga bei za mafuta, inatangaza dizeli juu ya petroli. Msimamo wangu: anayeishi Dodoma mjini na kununua dizeli hizi leo anajitafutia presha. Nipingeni.

Wa Nkuhungu:
Mkuu, nchi haiishii Dar. Mimi kwetu Babati, ukweni Iringa. Treni ya huko ni ipi? Njia ya Mtera ni lami, ukigusa tu pedeli gari linaitika, abiria wamelala nyuma hawajui kama mmepanda mlima. Na msituletee ile hadithi ya mafuta ya kuchakachua, vinasaba, zile alama za kutambua mafuta yaliyochanganywa, viliwekwa tangu 2010. Wewe umeacha kusafiri, sema hivyo.

Fundi wa Kizota:
Niongee kidogo maana nyie mnaongelea bei, mimi nashika vyuma.

Nyingi zinazoletwa hapa zina ugonjwa mmoja, DPF. Ni chujio la masizi kwenye ekzosi. Likijaa, kompyuta inaongeza dizeli ili joto lipande mpaka kama nyuzi 600, masizi yaungue. Hiyo inataka dakika kumi na tano, ishirini, za mwendo usiokatika. Bosi anazima gari getini kwake kazi ndiyo kwanza imeanza. Kesho hivyo hivyo. Ile dizeli ya ziada inateremka kwenye oili. Kwa hiyo chomoa kijiti cha oili uangalie: ukikuta imepanda kupita alama ya juu na inanuka dizeli, usichekelee kwamba injini hailambi oili. Inajazwa. Turbo ikifa kwa oili nyepesi kama maji mnasema Mjerumani hafai.

Na 520d za 2007 hadi mwanzoni mwa 2011, sikilizeni cheni ya taimingi asubuhi kabla injini haijapata moto. Iko nyuma ya injini, upande wa gia boksi. Kuifikia ni kushusha injini. Ikikwaruza, paki hapo hapo.

Wa Nkuhungu:
Mjini mpaka Mtumba ni kilomita kama 17, fundi. Hazitoshi kuchoma?

Fundi wa Kizota:
Zingetosha kama ungekuwa peke yako barabarani. Toa mizunguko, matuta, vibao vya 50 na foleni ya asubuhi, unabaki na nini?

Kijana wa Udom:
Kwani si mnalitoboa tu hilo DPF, kompyuta inadanganywa, maisha yanaendelea?

Mama wa Chang'ombe:
Nilikuwa nasoma tu, ila hapa nimeshindwa. Mwanangu ana pumu. Kwenye geti la shule yao kila asubuhi kuna mbili tatu za namna hiyo zinanguruma, zinatoa moshi mweusi usawa wa pua ya mtoto wa chekechea. Mwenye gari kaokoa hela yake, inhela nanunua mimi. Trafiki wanakagua kizima moto na pembe tatu, ekzosi hawaiangalii kabisa. Kwangu huo ndio mjadala, wala si treni.

Fundi wa Kizota:
Dada, nakuelewa. Lakini kulisafisha vizuri ni kulifungua, kuliosha, kulikausha, siku nzima au zaidi. Mteja anataka gari leo saa kumi. Nikikataa anavuka barabara.

Mama wa Chang'ombe:
Basi na huko ng'ambo ya barabara wakaguliwe.

Mleta mada:
Hapo niko na mama. Nani wa kukagua ndiyo sijui.

Mgeni:
Wakuu, mnanitisha. E220 yangu iko melini. Injini cc 2143, imepita 2000 kidogo tu ikanipandisha daraja la ushuru. Naishi Kisasa, ofisi Mtumba. Nifanyeje?

Wa Nkuhungu:
Panga chumba Manyoni, kule Singida, uwe unakuja kazini kila siku. DPF halitajaa hilo.