Ushauri: Miti mbele ya nyumba inayopakana na barabara ya mtaa, Kiseke

Mwenye Kiwanja:
Habari za kazi, wakuu. Nimekamilisha ujenzi wa nyumba yangu Kiseke, wilayani Ilemela, Mwanza, na kibali changu cha ujenzi kina sharti la kupanda miti na nyasi upande unaotazama barabara. Kati ya ukuta wangu na mtaro wa maji ya mvua kuna ukanda wa takribani mita mbili, ambao chini yake linapita bomba la maji na juu yake waya za umeme. Ofisa aliyekuja kukagua alisema nipande humo humo. Jirani yangu, aliyewahi kukatiwa miti yake barabara ilipopanuliwa, ananiambia nisithubutu. Nipande wapi, na miti gani itakayohimili udongo wetu huu wenye mawe?

Mpima Ardhi:
Mkuu, anza na bikoni zako, yaani alama za mipaka ya kiwanja, kwa sababu ukanda ulio nje ya bikoni si wako hata kama unaufagia kila asubuhi. Kwa barabara kuu na za mkoa, zinazosimamiwa na TANROADS, wakala wa barabara wa taifa, hifadhi ya barabara, yaani ukanda uliotengwa kwa ajili ya barabara, ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara, kwa mujibu wa Sheria ya Barabara ya mwaka 2007. Barabara za mitaa ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, na upana wake husomwa kwenye ramani ya mipango miji. Ukipanda ndani ya hifadhi bila idhini ya maandishi, usitegemee fidia siku miti itakapoondolewa. Kauli ya mdomo ya ofisa, hata awe muungwana kiasi gani, haitakusaidia siku hiyo.

Bustani Nyegezi:
Nakubaliana naye, nami naongeza habari ya miti yenyewe. Usipande fikasi, kwa maana mizizi yake hufuata unyevu hadi kwenye bomba na kupasua msingi wa ukuta. Mkungu una kivuli kizuri, lakini matawi yake hutanda kwa usawa hadi kwenye waya, na majani yake mapana huziba mtaro. Mkaratusi sitaki hata kuujadili. Ndani ya ukuta panda miti ya ashoki, inayokwenda juu bila kutanuka, au mwarobaini mmoja ulio mbali na nyumba. Huko nje weka nyasi tu, ambazo hazimkwazi mtu. Chimba shimo la sentimita 60 kila upande na kwenda chini. Ukikuta jabali, hama, usilazimishe, kwani mche uliokaa juu ya mwamba hudumaa mara jua linapokaza. Changanya udongo wa juu na samadi iliyooza, kisha panda mvua za vuli zikishashika, mwezi Novemba.

Dereva wa Bajaji:
Kama nyumba yako iko kwenye kona, acha pembe hiyo wazi. Vichaka virefu hutufichia watoto wanaovuka.

Mwenye Kiwanja:
Nashukuru sana. Je, miti iliyo ndani ya ukuta itahesabika kwamba nimetimiza sharti la kibali?

Mpima Ardhi:
Soma maneno ya kibali chenyewe: kama kimeandikwa «upande wa barabara» bila kutaja hifadhi, una hoja. Andika barua kwa mkurugenzi wa manispaa, ambatisha mchoro unaoonyesha bikoni, bomba na waya, nakala uipeleke TARURA, na uhakikishe nakala yako imegongwa muhuri wa kupokelewa kabla hujanunua mche hata mmoja.