Anwani za moduli kiwandani: swichi ya namba, IP au jina?

Fundi wa Pongwe
Wadau, habari za kazi. Tunafumua nyaya za zamani kwenye mtambo wa kuchakata mkonge. Moduli ni 14: sensa za joto za beringi, swichi za mikanda, kontakta (swichi kubwa za umeme) za mota. Zote zinakwenda kwenye PLC moja, kompyuta inayoendesha mtambo. Kwa lugha ya moduli kuongea na PLC nimebaki na tatu: Modbus RTU (kebo moja ya pamoja), Modbus TCP na PROFINET (hizi mbili ni za Ethernet). Bei nimeshaipigia hesabu. Kinachoninyima usingizi ni anwani: moduli ikifa saa nane usiku na fundi wa zamu hana laptopu, mpya ataipaje anwani?

Binti Chumbageni
RTU, kaka. Chagua moduli zenye swichi ndogo za namba. Fundi anatazama iliyokufa, anaweka mpya vilevile, anawasha. Anwani ni 1 hadi 247. 0 ni ya kutangazia wote, usiipe moduli. Ila spidi na pariti (biti ya kukagua makosa) nazo lazima zilingane, na kuna moduli ambazo hizo huwekwa kwa programu tu. Hakikisha kabla hujanunua. Halafu zisifanane anwani mbili! Zote hujibu kwa pamoja, ujumbe unavurugika, nawe unahangaika na kebo siku nzima. Yamenikuta.

Mzee wa Ngamiani
Binti kasema kweli, lakini piga hesabu ya muda. Kwa spidi ya biti 9600 kwa sekunde, herufi moja ya biti 11 huchukua milisekunde 1.1 hivi. Kusoma rejista 8 (visanduku vya namba ndani ya moduli) ni baiti 8 za kuuliza na 21 za kujibu, yaani milisekunde 33. Ongeza ukimya wa katikati na moduli yenyewe kufikiri, unafika 45. Zidisha kwa 14: zaidi ya nusu sekunde kila mzunguko. Joto la beringi litasubiri. Mkanda je? Na kitufe cha dharura kiwe na waya wake, kisipitie mtandao huu hata kidogo.

Kijana wa Muheza
Shikamoo mzee. Kwa mikanda mimi naona PROFINET. Kule kifaa hutambulika kwa jina, na PLC ndiyo inayokipa IP, yaani anwani ya namba ya mtandaoni. Ukichora kwenye mradi nani kaunganishwa na mlango upi, kifaa kipya kisicho na jina hupewa jina kutokana na jirani zake. Laptopu haihitajiki. Masharti mawili: swichi za mtandao ziwe zinaunga mkono jambo hilo, na kifaa kiwe hakijawahi kupewa jina. Cha akiba kilichotumika kwingine kitakugomea.

Fundi wa Pongwe
Marahaba kwa niaba ya mzee 🙏 Basi joto RTU, mikanda na kontakta PROFINET. Nimejaribu moduli ya kwanza mezani: naomba rejista 40001, inanipa joto la chaneli ya pili.

Binti Chumbageni
Hiyo ni tofauti ya moja. 40001 ya kwenye kitabu, ndani ya ujumbe ni rejista 0. Programu yako inahesabu kuanzia 0, nawe umeandika 1. Andika 0.

Fundi wa Pongwe
Imekubali! Nyuzi 31, sawa na hapa mezani. Ahsante sana dada.

Mzee wa Ngamiani
Resista za ohm 120 za kuzuia mwangwi wa ishara kwenye kebo ya RTU umeziweka ncha mbili za kebo tu, au kila moduli?